Kuchagua Pambo la Muziki la Kitanda cha Mtoto

Pambo la kuning'inia juu ya kitanda hutazamwa na mtoto akiwa amelala chali. Hivyo picha zake zielekee chini. Macho ya mtoto mchanga hayajakomaa, na hutambua kwa urahisi zaidi rangi zinazotofautiana waziwazi, kama nyeusi na nyeupe. Muziki uwe wa sauti ya chini. Kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu, kwa kuwa betri bapa ya duara ikimezwa huweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Muhimu zaidi, nyuzi zaweza kumnyonga mtoto: pambo lifungwe imara asipoweza kulifikia, na liondolewe atimizapo miezi 5, au mapema zaidi akianza kujiinua kwa mikono na magoti.