Kabla ya Stenti, Uliza Namba

Daktari anakuonyesha picha ya mishipa ya moyo wako kwenye kioo na kukwambia mmoja umebana kwa asilimia 60. Wengi wakisikia hivyo huomba stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi, papo hapo. Ngoja kwanza. Picha hukuonyesha umbo la mshipa tu. Haikwambii kama msuli wa moyo ulio mbele ya mbano unapata damu ya kutosha. Katika utafiti wa FAME, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha wagonjwa 1,005 wa Marekani na Ulaya, mibano iliyoonekana ya asilimia 50 hadi 70 ilipopimwa kwa waya wa kupima presha, ni asilimia 35 tu iliyokutwa inaupunja moyo damu. Ndani ya mwaka mmoja, waliofariki, waliopata shambulio la moyo au waliolazimika kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 18.3 kwa waliotibiwa kwa kutazama picha, na asilimia 13.2 kwa waliopimwa. Hao waliopimwa waliwekewa stenti chache zaidi.

Basi muulize daktari: "Mshipa huu umepimwa presha kwa waya?" Kipimo chenyewe wataalamu hukiita FFR.

Waya huo una unene wa milimita 0.36 na kihisio cha presha karibu na ncha yake. Hupitishwa ndani ya katheta, yaani mrija mwembamba, iliyoingilia mkononi au kwenye kinena. Kihisio kikifika kwenye mdomo wa katheta, presha mbili, ya katheta na ya waya, husawazishwa, ndipo waya unasogezwa hadi kuvuka mbano. Kisha unapewa dawa ya adenosini, inayofungua vijishipa vidogo ili damu ipite kwa wingi kadiri iwezekanavyo. Presha ya mshipa mkuu ikiwa 100 na ya mbele ya mbano 72, namba yako ni 0.72. Ikiwa 0.80 au chini yake, mbano huo unazuia damu na kuuzibua kuna maana. Ikizidi hapo, mara nyingi dawa zinatosha. Ziko namna nyingine za kupima kwa waya huohuo zisizohitaji adenosini. iFR ni mojawapo, na mpaka wake ni 0.89, kwa hiyo jua umepimwa kwa ipi kabla ya kulinganisha.

Namba ikiangukia mpakani, tuseme 0.79 au 0.81, uliza swali moja zaidi, nami nalipa uzito mkubwa: waya ulirudishwa kwenye mdomo wa katheta kuhakikisha presha mbili bado zinalingana? Kihisio huweza kuhama kidogo katikati ya kazi, na tofauti ya pointi chache inatosha kugeuza uamuzi. Zikikutwa hazilingani, kipimo kirudiwe.

Upande wako, acha chai, kahawa, kola na chokoleti kwa saa 24 kabla ya kipimo, kwa sababu kafeini huipunguza nguvu adenosini na namba ikatoka nzuri kuliko hali halisi. Chai ya maziwa ya asubuhi nayo imo. Kama una pumu, sema mapema. Dawa ikiingia unaweza kuhisi kifua kinabana, uso unawaka moto na pumzi inakuwa fupi. Waambie walio karibu nawe, na ujue hali hiyo huisha upesi dawa inapokatwa.

Mtu aliye katikati ya shambulio la moyo hana haja ya maswali haya. Mshipa ulioleta shambulio uzibuliwe bila kuchelewa.

Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, hakikisha ripoti inataja kila mshipa na namba yake, uihifadhi pamoja na CD ya picha. Na hata ukiambiwa huhitaji stenti, dawa za lehemu, za presha na nyingine ulizoandikiwa endelea nazo.