Alama za Mtihani na Uhodari Kazini

Mwajiri mwenye nafasi 10 na maombi 200 hana budi kuchuja, na aghalabu huchuja kwa mtihani. Je, alama za mtihani huo zaweza kubashiri nani atakuwa hodari kazini?

Wataalamu hujibu kwa kipimo cha uhusiano. Kikiwa 0, alama hazibashiri lolote. Kikiwa 1, hubashiri pasipo kosa. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter wa Marekani walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85, wakapata 0.51 kwa mitihani ya akili. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliipitia upya hesabu hiyo, wakapata 0.31. Tofauti hiyo yatoka wapi?

Yatoka kwa watu wasioonekana, yaani waliokataliwa. Tuchukue mfano wa mpira wa kikapu. Urefu husaidia mno katika mchezo huo, lakini ndani ya timu ambamo wote ni warefu, aliye mrefu kuliko wenzake si lazima awe mfungaji bora. Uhusiano upo, ila mchujo umeuficha. Kwa hiyo wanatakwimu hukikuza kipimo ili kufidia kilichofichwa. Sackett aliona kwamba kilikuwa kimekuzwa kupita kiasi, kwa kuwa katika tafiti nyingi mtihani ulifanywa na watu waliokwisha kuajiriwa kwa njia nyingine. Haukuwa umemchuja yeyote!

Mara chache wasioonekana huonekana. Mwaka 1965 kampuni ya umeme ya Duke Power, jimboni North Carolina, iliweka sharti la kufaulu mitihani miwili kwa kila aliyetaka kuajiriwa nje ya idara ya vibarua, idara pekee ambamo Wamarekani Weusi walikuwa wakipokewa hapo awali. Wafanyakazi Weusi 13 walishtaki. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibaini kuwa watu walioingia zamani bila mitihani hiyo walikuwa wakiendelea kufanya kazi vizuri katika idara zile zile. Ikaamua kuwa sharti linalowazuia watu wa rangi fulani halikubaliki lisipothibitishwa kuhusiana na kazi yenyewe.

Sasa zidisha 0.31 kwa 0.31, utapata 0.096. Maana yake, takriban sehemu moja ya kumi tu ya tofauti za uhodari huambatana na tofauti za alama. Kwa mwajiri wa watu elfu moja hilo si haba. Kwa mwombaji mmoja aliyepungukiwa alama mbili, ni hukumu yenye mashaka makubwa. Usaili ambao kila mwombaji huulizwa maswali yale yale ulipata 0.42.

Zoezi kwa darasa: Andikeni alama za hisabati za wanafunzi 40 katika mihula miwili, bila majina, na kila jozi ya alama iwe nukta moja kwenye grafu. Kisha zifunikeni nukta zote isipokuwa za wanafunzi 10 waliotangulia muhula wa kwanza. Mwelekeo mlioona mwanzoni bado waonekana?