SOMO LA UONGOZI: Rais Naye Yuko Chini ya Sheria

Katiba ya Marekani iliandikwa Philadelphia mwaka 1787. Iligawa madaraka katika mihimili mitatu: Bunge hutunga sheria, Rais huzitekeleza, Mahakama huzitafsiri. Rais akikataa muswada, Bunge laweza kuupitisha kwa theluthi mbili ya kura katika kila moja ya mabaraza yake mawili.

Julai 1974, Mahakama ya Juu ilimwamuru Rais Nixon atoe kanda za mazungumzo ya ofisini kwake. Majaji wote 8 walioamua walikubaliana, ingawa 3 kati yao aliwateua yeye mwenyewe. Nixon alitii, na mwezi uliofuata akajiuzulu.

Tujadili vikundini: mwenyekiti wetu akikosea, nani ana mamlaka ya kumzuia?