SOMO LETU: PUNJE YA NJANO NA MACHO YA MTOTO



Ukiona mtoto anajikwaa jioni na kupapasa kikombe wakati wenzake bado wanaona, usimwite mzembe. Huenda amekosa vitamini A. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwaka watoto 250,000 hadi 500,000 hupofuka kwa upungufu huu, na nusu yao hufa kabla ya miezi 12 kwisha.

Mwili hutengeneza vitamini hii kutokana na karotini, ile rangi ya karoti na papai. Mboga za majani pia zinayo, ila ukijani umeifunika.

Sasa, kuna jamaa wengi kule Asia ambao chakula chao ni wali mtupu. Mpunga una karotini kwenye majani, lakini punje nyeupe haina. Ni kama sufuria ya ugali: maji yamechemka, lakini unga hakuna wala mwiko. Kitu cha kuanzia kimo ndani ya punje, hatua za kukigeuza ndizo hazipo.

Hatua hizo huongozwa na jeni, yaani maagizo yaliyomo ndani ya kila kiumbe. Mwaka 1990 wanasayansi wa Japani walichukua jeni za bakteria wa njano wakazitia katika bakteria wasio na rangi. Hao nao wakatengeneza karotini! Kumbe maagizo yanahamishika.

Mwaka 2000 Ingo Potrykus na Peter Beyer, waliofanya kazi Uswisi na Ujerumani, walitangaza mpunga uliotiwa jeni za ua la dafodili na za bakteria. Punje zikawa njano, lakini karotini ilikuwa kidogo, mikrogramu 1.6 kwa gramu. Mwaka 2005 wengine walitumia jeni ya mahindi badala ya ile ya ua, ikafika hadi 37.

Je, mbegu ilifika shambani? Ufilipino iliruhusu ipandwe mwaka 2021. Mwaka 2024 mahakama ya rufani ikasimamisha, ikitaka usalama wake uthibitishwe kwanza. Wengine wanasema, tukingoja watoto wanapofuka. Wengine wanasema, mkulima asipewe mbegu ambayo bado ina maswali. Pande zote mbili zina hoja.

Lakini sisi tusikae tukingoja maabara. Panda mchicha, kunde, maboga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo vilipatikana kwa kuchagua na kuchavusha tu, bila kuhamisha jeni. Mboga tia mafuta kidogo, ndiyo mwili uipokee karotini vizuri. Na mtoto asiyeona jioni apelekwe zahanati upesi, asingojee mavuno.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini majani ya mpunga yana karotini na punje haina?
2. Wiki hii watoto wetu wamekula nini chenye karotini?
3. Mbegu mpya ikiletwa kijijini, tuulize maswali gani kabla ya kuipanda?