Nishushe bei ya kushona?

Swali: Mimi ni fundi cherehani, nafanya kazi peke yangu Kariakoo. Mtaa mzima tunashona magauni yaleyale kwa bei zinazokaribiana. Nishushe bei?

Jibu: Usishushe. Jirani yako naye atashusha kesho, na wewe huna wasaidizi wa kufidia faida ndogo kwa wingi wa nguo. Shida ni kwamba mteja hauoni ubora wako kabla ya kulipa. Mchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: mnunuzi asiyeweza kutofautisha zima na bovu hulipa bei ya wastani, na mwenye gari zuri ndiye anayeumia. Basi mpe mteja kitu cha kukupima. Kinachowakera wengi kwa mafundi, kuliko hata mshono, ni ile "njoo kesho" ya mkesha wa Idi. Andika kwenye risiti siku ya kuchukua nguo, na kiasi utakachopunguza ukichelewa. Tunza pia daftari la vipimo, ili mteja wa zamani alete kitenge tu.

Utasema jirani ataiga. Daftari ataliiga, sawa. Lakini ahadi ya tarehe itamlazimu kukataa kazi zinazomzidi msimu wa sikukuu, na wachache wako tayari kurudisha kianzio kilichokwisha wekwa mezani. Hata wewe itakuuma Desemba ya kwanza. Kataa hivyo hivyo, na mwambie mteja ni lini utapata nafasi.