Mtoto Ana Homa, na Safari ya Ujiji ni Leo

Likizo zikifika kwaya na familia nyingi hupanga safari ya Ujiji kuona makumbusho ya Livingstone na miembe yake. Nauli imelipwa, sare zimepigwa pasi, wali umepikwa tangu alfajiri. Mtoto mmoja anaamka mwili una joto, na mama anasema, "Atachangamka tukifika." Leo tuzungumze juu ya maneno hayo.

Ujiji imepokea wagonjwa wengi. Mwezi Februari 1858 Burton alifika amedhoofika kwa homa, miguu haina nguvu. Mwenzake Speke aliugua macho, hata ziwa walilolitafuta kwa miezi mingi hakuliona vizuri. Livingstone aliingia Machi 1869 akiwa na ugonjwa wa mapafu, na sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa mwaka 1867. Stanley alipomkuta Novemba 1871, alikuwa amerudi kutoka Manyema amekonda kwa kuhara damu. Alipata chakula, dawa na mapumziko, ndipo wakapanda mtumbwi kwenda kuona kaskazini ya ziwa. Huo ndio utaratibu mzuri: kupona kwanza, kutembea baadaye.

Wazee hao hawakuwa na zahanati. Sisi tunazo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mkoa wetu wa Kigoma uliongoza nchini kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5, karibu 24 katika kila 100. Kwa hiyo homa ya asubuhi ipimwe asubuhi hiyohiyo. Kipimo cha haraka huchukua tone la damu, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Mtoto mdogo aweza kucheza saa nne na kupata degedege jioni, nanyi mko njiani.

Akikutwa na malaria hupewa dawa mseto: dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni mpaka siku 3 ziishe, pamoja na chakula. Akitapika kabla ya nusu saa, arudie dozi hiyo. Kuna akina mama ambao, mtoto akipata nafuu siku ya pili, huficha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Hilo linatuudhi sana wauguzi, maana wadudu waliobaki huamka tena.

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au anayelala hata haamki akiitwa, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

Anayeharisha naye abaki nyumbani na maji ya ORS, pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi, na apelekwe zahanati apewe vidonge vya zinki. Na wanaokwenda Gombe wajue kwamba mwenye mafua au kikohozi hatakiwi kuwakaribia sokwe, kwani huambukizwa magonjwa yetu.

Viongozi wa safari, nina ombi moja kwenu. Mama mara nyingi humbeba mgonjwa kwa kuogopa nauli kupotea. Iandikeni nauli hiyo daftarini, itumike safari ijayo.