SOMO LA UFUNDI: GIA ZA KAMSHAFTI NA MIZUNGUKO MIWILI YA MKONO



Katika somo hili tutajifunza namna ya kufunga gia zinazoendesha kamshafti wakati injini inapojengwa upya. Tumelichagua kwa sababu wengi wetu tunaofanya kazi katika gereji, viwanda na mashamba ya Arua na Koboko hukabidhiwa injini za malori na matrekta, tukaambiwa tuzifungue na kuzifunga bila ya kitabu na bila ya muda wa kutosha. Wale ambao si mafundi, yaani madereva, utingo na wapakiaji, nao wasome. Anayepanda juu ya mzigo ana haki ya kujua injini inayomvuta ilifungwa namna gani.

Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92, na sasa imewekwa lami. Lami imeondoa mashimo, lakini haikuondoa vilima wala uzito wa mzigo. Injini iliyokosewa gia huonekana penye kilima, gari likiwa limejaa, na watu wakiwa juu yake.

KISA CHA KOBOKO

Tunakumbuka jioni moja katika gereji moja ya Koboko. Injini ya lori ilikuwa imefunguliwa kwa siku nne. Mwenye mali alisimama mlangoni akitazama saa, kwa kuwa mzigo ulitakiwa uvuke mpaka kabla ya siku ya soko. Msimamizi akasema, "Washeni, tusikie." Fundi kijana aliyefunga gia akaomba nusu saa ili aizungushe injini kwa mkono kwanza. Akaambiwa kwamba huo ni uvivu. Starta ikapigwa. Injini ikagonga mara tatu, kisha ikakwama. Ilipofunguliwa tena, vijiti vinne vya kusukuma valvu vilikuwa vimepinda, na valvu mbili zilikuwa zimegusa vichwa vya pistoni. Gia ya kamshafti ilikuwa imekosewa meno mawili.

Basi likazuka swali: nani alipe? Msimamizi alitaka hasara ikatwe katika mshahara wa kijana. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha nani aliamuru injini iwashwe. Wenzake walisimama pamoja naye, wakaeleza waliyoyasikia kwa masikio yao, na mwisho makato hayakufanyika. Ni kweli kwamba kijana alikosea. Lakini kosa lile lingegunduliwa na mkono wake mwenyewe, bila hasara ya shilingi hata moja, kama angepewa ile nusu saa. Hilo ndilo somo letu la leo.

KAZI YA GIA HIZI

Krankishafti huzungushwa na pistoni. Kamshafti hufungua na kufunga valvu. Katika injini ya mapigo manne, krankishafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja tu. Kwa hiyo gia ya kamshafti lazima iwe na meno maradufu ya gia ya krankishafti. Ikiwa ndogo ina meno 28, kubwa itakuwa na meno 56.

Injini nyingine huendesha kamshafti kwa mnyororo, na nyingine kwa mkanda. Mnyororo hulegea kadiri unavyochakaa. Mkanda, kama ule wa injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, ni lazima ubadilishwe, kwa kawaida kila kilomita 100,000. Ukikatika barabarani, kazi imekwisha. Injini nyingi za malori na matrekta zina gia tupu: Mitsubishi Fuso ya 6D14, Mercedes-Benz ya OM352, na Perkins 4.236 iliyomo ndani ya trekta la Massey Ferguson 265. Gia hudumu miaka mingi, lakini hazisamehe fundi aliyezipanga vibaya.

Tufanye hesabu kidogo. Gia ya krankishafti yenye meno 28 huzunguka digrii 360. Gawanya 360 kwa 28, utapata karibu digrii 13. Maana yake, ukikosea jino moja tu, valvu zitafunguka mapema au kuchelewa kwa digrii 13 za krankishafti. Injini inaweza kuwaka, lakini itatoa moshi, itakosa nguvu, na itachemka kilimani. Ukikosea meno mawili au matatu, valvu zaweza kukutana na pistoni, kama ilivyotokea Koboko.

HATUA ZA KAZI

1. Kabla ya kufungua. Ondoa waya za betri. Weka vizuizi kwenye magurudumu. Injini ikiwa imetolewa, iwekwe juu ya stendi imara, wala si juu ya mawe au matofali. Zungusha injini mpaka pistoni ya kwanza ifike juu kabisa, yaani kwenye topu, kisha tafuta alama za nukta au namba zilizopigwa kwenye gia. Kama alama zimefutika, weka zako kwa rangi au kwa panchi ndogo kabla hujatoa gia yoyote. Usipige panchi juu ya jino, piga ubavuni.

2. Kagua kila gia. Ioshe, ikaushe, uitazame kwenye mwanga wa jua. Jino lililomeguka, lenye vishimo au lenye ufa halifai. Tazama pia kipini na bushi ya gia ya katikati, na uhakikishe tundu la oili halikuziba. Gia zinazosagana zibadilishwe pamoja. Gia mpya ikifungwa na ya zamani iliyochakaa, ile ya zamani huiharibu mpya.

3. Bamba la kuzuia. Nyuma ya gia ya kamshafti kwa kawaida kuna bamba linalozuia kamshafti isitembee mbele na nyuma. Wengi hulisahau mezani. Lifunge kwanza, ndipo gia ifuate. Kii nayo ikae sawasawa ndani ya mfereji wake.

4. Usigonge gia kwa nyundo. Kama gia inaingia kwa kubana, ipashe moto sawasawa juu ya jiko la bamba au ndani ya oili ya moto isiyotoa moshi, kisha iteremshe kwa kibano. Moto wa gesi uliolenga mahali pamoja huipinda gia. Nyundo ni hatari zaidi, kwa sababu husukuma kamshafti nyuma na kutoa kizibo cha mwisho wa injini, na oili itavuja mahali usipoweza kufika bila kutoa flaiwili. Vaa glavu, na usiruhusu maji yakaribie oili ya moto.

5. Alama kwa alama. Pistoni ya kwanza ikiwa kwenye topu, panga alama ya gia ya krankishafti na ile ya gia ya katikati, kisha alama ya gia ya katikati na ile ya kamshafti. Injini isiyo na gia ya katikati ina alama mbili tu, na kamshafti yake huzunguka kinyume cha krankishafti. Mtu wa pili azitazame alama hizo kwa macho yake kabla bolti hazijakazwa.

6. Pima nafasi kati ya meno. Tumia fila geji. Kila injini ina kipimo chake. Kwa Perkins 4.236 nafasi hiyo isipungue milimita 0.08. Gia zikibana mno hulia na kupata joto. Zikilegea mno hugongana. Kaza bolti kwa spana ya kupimia mkazo, na kufuli za bolti ziwe mpya.

7. Paka oili. Meno yote na ndonya za kamshafti zipakwe oili safi. Dakika za kwanza baada ya kuwasha ndizo zinazokula chuma, kwa sababu pampu ya oili haijafikisha oili juu.

8. Mizunguko miwili ya mkono. Toa nozeli ili injini iwe nyepesi. Weka spana kwenye bolti ya puli ya mbele, uzungushe taratibu kuelekea upande ambao injini hukimbilia, mizunguko miwili kamili ya krankishafti. Ukihisi imegota, simama. Usilazimishe hata kidogo. Mkono wako unakuambia kwamba chuma kimegusa chuma. Rudi hatua ya tano.

Katika hatua hii mtu mmoja tu ndiye azungushe, na kabla ya kuzungusha aite kwa sauti, "Nazungusha!" Wenzake waondoe mikono. Kidole kikiingia kati ya gia mbili hakitoki kizima, na gia haijui kama aliyeweka kidole ni fundi mkuu au mwanafunzi.

KITENDAWILI CHA GIA YA KATIKATI

Mafundi wengi huogopa wanapozungusha injini mara mbili na kukuta alama za gia ya katikati hazikutani tena. Hufikiri wamekosea, wakafungua upya kazi iliyokuwa sahihi. Tuelewe sababu. Krankishafti yetu ya meno 28 ikizunguka mara mbili, hupita meno 56. Ikiwa gia ya katikati ina meno 45, itakuwa imezunguka mara moja na meno 11 zaidi. Itarudi mahali pake pa mwanzo baada ya krankishafti kuzunguka mara 90. Gia ya katikati ni mjumbe tu; hupokea na kupeleka. Baada ya kufunga, uhakika hauko kwenye alama yake.

Uhakika uko kwenye valvu. Rudisha pistoni ya kwanza kwenye topu ya mgandamizo. Valvu zake zote mbili lazima ziwe zimefungwa. Sasa tazama silinda inayokwenda pamoja nayo: ya nne katika injini ya silinda nne, ya sita katika injini ya silinda sita. Hapo valvu zapaswa kuwa zinapokezana: ya kutolea moshi inamalizia kujifunga, na ya kuingizia hewa inaanza kufunguka. Ukiona hivyo, gia ziko sawa. Ndipo upime nafasi za valvu, ufunge kava ya mbele pamoja na sili mpya, na uendelee kwenye taimingi ya pampu ya dizeli, ambayo ina somo lake.

KARATASI YA KAZI

Ndugu, mkono uliogundua kosa unahitaji kalamu ya kulithibitisha. Kila kazi ya namna hii iandikwe: tarehe, namba ya gari, jina la aliyefunga gia, jina la aliyezitazama alama, kipimo cha nafasi ya meno, na kwamba mizunguko miwili imefanywa. Msimamizi akiamuru injini iwashwe kabla ya hapo, andika amri yake na saa aliyoitoa, na shahidi aweke sahihi. Daftari la shule latosha.

Hatusemi hivi ili kuleta ugomvi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka mipaka ya makato, na mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka aweke mahali pa kazi pasipo hatari. Lakini sheria husaidia zaidi pale penye ushahidi. Makato yakitajwa, peleka daftari kwa mwakilishi wa chama mapema, kabla ya siku ya mshahara. Na fundi asijifiche nyuma ya chama kwa kazi mbovu. Tukidai nusu saa ya kukagua, nasi tuitumie kukagua.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yasomeni kwa pamoja wakati wa chakula cha mchana, na mwenye kujua amsaidie asiyejua.

1. Kwa nini gia ya kamshafti ina meno maradufu ya gia ya krankishafti?

2. Gia ya krankishafti ina meno 30. Ukikosea jino moja, umekosea digrii ngapi za krankishafti? (Jibu: digrii 12.)

3. Ni hasara gani hutokea ukiigonga gia ya kamshafti kwa nyundo?

4. Umezungusha injini mara mbili, na alama za gia ya katikati hazikukutana. Utafanya nini kabla ya kufungua upya?

5. Msimamizi anasema, "Washeni, tusikie," na bado hamjazungusha kwa mkono. Mtamjibu nini, na mtaandika nini?

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa halijibiwi na mtu mmoja. Lijadilini sasa, gari likiwa halina haraka, ili siku hiyo ikifika jibu lenu liwe moja.